Lango la Saa Nne

Asubuhi moja ya Mei 2015 nilifungua lango la malisho saa kumi na mbili u nusu. Huku kwetu Kinangop, chini ya milima ya Nyandarua, umande wa saa hizo ni mzito. Ukipiga hatua 20 tu nyasini, gambuti zinang'aa kana kwamba zimeoshwa. Hei ilikuwa imeisha jana yake. Nilijiambia hakuna haja ya kununua nyingine, maana ng'ambo ya lango klova ilikuwa inanifika kifundoni, laini na ya kijani kibichi, klova niliyoihangaikia mwaka mzima. Ng'ombe wangu 7 walikuwa wamelala na njaa. Walipita langoni wakisukumana, wakainamisha vichwa, na ile sauti ya ndimi zikikwanyua majani ikanifurahisha. Nikarudi jikoni kunywa chai.

Nilipotoka saa mbili hivi, ng'ombe wangu Nyota alikuwa amesimama peke yake karibu na ua, shingo ameinyoosha, mdomo wazi, mate yakimdondoka. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umefura mpaka ukapita usawa wa uti wa mgongo. Niliugonga kwa vidole, ukalia kama ngoma. Mbele yake kidogo, mtamba wangu mwenye mimba ya miezi mitano alikuwa ameanguka.

Nilipiga kelele. Jirani yangu, mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Guka, yaani babu, hata sisi tusio wa damu yake, alivuka ua wa waya kwa wepesi ambao sikuutarajia kwa mtu aliyepita miaka 70.

"Mafuta ya kupikia," alisema. "Na chupa ya soda. Kimbia."

Niliporudi alikuwa ameshakata kijiti kinene, amemtia Nyota mdomoni kama lijamu na kukifunga kwa kamba nyuma ya masikio, ili akitafune na mate yatiririke. Alikuwa amemgeuza pia, miguu ya mbele ikae upande wa juu wa mteremko. Aliyamimina mafuta kidogo kidogo pembeni mwa mdomo, bila kukiinua kichwa sana yasije yakaingia mapafuni, kisha akaanza kuukanda ule ubavu kwa ngumi, polepole, kama anayekanda unga wa chapati. Karibu nusu lita iliisha. Baada ya kama robo saa Nyota alipiga mbweu, mlio mrefu wenye harufu kali ya majani yaliyochacha, na ubavu ukaanza kushuka. Tulipomgeukia mtamba, alikuwa amekufa.

Guka alifuta mikono kwa nyasi. "Uliwafungulia saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Mwanangu," alisema, "lango la klova hufunguliwa saa nne."

Akaenda zake. Chai yake nadhani ilikuwa imeshapoa.

Kabla ya ufugaji nilikuwa mhasibu Nairobi kwa miaka 11. Nilirudi nyumbani 2012, baba alipofariki. Shamba letu ni ekari 9, kipande cha shamba la mlowezi mmoja lililogawanywa baada ya uhuru wa 1963. Babu alililipia mkopo kwa maziwa, mkebe baada ya mkebe. Baba naye alilitunza kwa njia ya zama zake, yaani mbolea za DAP na CAN kila mvua zilipoanza. Vitabu vyake vya hesabu nilivikuta kabatini, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kusoma vitabu vya hesabu, nilivisoma. Karibu theluthi moja ya hela za maziwa ilikuwa ikirudi dukani kwa mbolea, dawa za magugu na dawa za minyoo. Nikachukua kalamu nyekundu nikaifuta mistari hiyo yote.

Nilikuwa nimesoma kuhusu kilimo hai. Nilijua kwamba tangu 2007 Afrika Mashariki ina viwango vyake vya mazao hai na alama yake ya Kilimohai. Nikaona kumbe jambo lenyewe ni jepesi, unaacha kununua, basi.

Nikaacha. Mwaka wa kwanza nyasi hazikuonyesha kitu, kwa kuwa zilikuwa bado zikila akiba ya baba. Mwaka wa pili rangi ilianza kufifia. Zile nyasi za Kikuyu ambazo ndizo zulia la nyanda zetu zilijifunga zikawa godoro gumu la vikonyo vya kahawia, juu yake majani machache ya manjano. Mahali pekee palipokuwa pa kijani ni pale ng'ombe walipokojoa. Ukitazama kutoka mlangoni uliona mabaka ya kijani kwenye blanketi kuukuu. Maziwa ya Nyota yalishuka kutoka lita 14 kwa siku hadi 9. Mimi nikalaumu mvua.

Mhasibu yeyote angenicheka. Nilikuwa nimefuta upande mmoja wa kitabu bila kuandika chochote upande wa pili. Gunia la mbolea lilikuwa na kazi lililoifanya. Kuliacha dukani hakuiondoi kazi hiyo shambani. Ni lazima apatikane wa kuifanya, awe mmea, mdudu, ng'ombe au mwenye shamba. Na shamba hai lina ukali wake, kwa maana ukichelewa, hakuna gunia la kukuokoa. Nimeyaelewa hayo kwa kuyalipia, mstari mmoja mmoja.

Mstari wa kwanza ulikuwa wa naitrojeni. Gunia la CAN la kilo 50 lina kama kilo 13 za naitrojeni. Klova iliyoshika vizuri inaweza kuivuta kutoka hewani kilo 100 na zaidi kwa hekta kwa mwaka, yaani kwa ekari moja kama magunia 3 ya CAN, bila lori wala risiti. Haiifanyi kazi hiyo peke yake. Kwenye mizizi yake hukaa bakteria ndani ya vinundu vidogo kama punje za mtama. Mmea unawalisha sukari, wao wanaulipa naitrojeni. Nyasi za jirani hupata fungu lao baadaye, vinundu na vikonyo vya klova vinapooza, na zaidi ng'ombe anapokula klova akaacha mkojo na kinyesi kila anakopita.

Basi Machi 2013 nilinunua mbegu ya klova nyeupe kutoka ng'ambo. Ni mbegu ndogo ajabu. Gramu moja ina zaidi ya mbegu 1,000, na kilo moja na nusu niliyoishika mkononi kwa ajili ya ekari moja ilionekana kama utani. Niliisia. Ikaota. Kufikia Juni miche ilikuwa ya manjano, imedumaa, kama watoto waliochelewa kuachishwa ziwa.

Guka alikuja akaitazama. "Chimba," alisema.

Nilichimba. Aling'oa mche mmoja, akautikisa udongo, akaukagua mzizi. Vinundu vilikuwepo, vichache na vidogo. Alikipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa cheupe chenye ukijani. Kisha akanipeleka hadi kando ya njia ya ng'ombe, palipokuwa na mmea ambao mimi siku zote niliuhesabu kuwa gugu. Majani matatu matatu, kila jani na alama nyeupe, ua jeupe lenye wekundu kwa mbali. Alilipindua jani; upande wa chini lilikuwa na vinyweleo. Akachimba. Mzizi wake haukutapakaa kama ule mwingine, ulishuka chini wima. Alipasua kinundu. Ndani kilikuwa cha waridi iliyokolea, rangi ya ufizi wa mtoto.

"Hiki kinafanya kazi," alisema. "Kile chako kimekaa bure."

Guka alikuwa mchungaji kwenye shamba la mlowezi miaka ya mwisho kabla ya uhuru, na huko ndiko alikofundishwa kupasua vinundu. Jina la kitaalamu la mmea ule nilikuja kulisoma mwenyewe: Trifolium semipilosum, na neno hilo la pili maana yake ni nusu ya vinyweleo. Ni klova ya kwetu, ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. A. V. Bogdan, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa malisho cha Kitale, alizichunguza klova za asili za Kenya miaka ya 1950. Waaustralia wameikuza na kuipa jina la kibiashara, Safari. Nyasi za Kikuyu nazo zimesafiri vivyo hivyo. Zimekuwa malisho ya kutegemewa Afrika Kusini na Australia, na Marekani zimeandikwa kwenye orodha ya magugu mabaya. Mimi nilikuwa nimelipa pesa kuagiza mgeni wakati mwenyeji ananiangalia kando ya njia.

Tena mgeni huyo hakukuta wa kumpokea. Klova za Afrika na zile za Ulaya hazitumii bakteria wa aina moja. Ile ya kando ya njia iliwakuta wake udongoni tangu enzi. Yangu ya dukani niliisia kavu, bila kuichanganya na bakteria wake, ikaishia kubahatisha. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwangu mgeni alikuja, akakuta nyumba imefungwa.

Nilipopima udongo nikapata sababu ya pili. Ulikuwa mkali, pH 4.9, na klova haistawi kwenye ukali huo. Nikahitaji chokaa ya shambani, na nikahitaji fosfeti, maana bila fosforasi vinundu havijengeki. Kilimo hai kinaruhusu fosfeti ya mwamba, na iliyo karibu nasi ni ya Minjingu, Tanzania, inayochimbwa upande wa Ziwa Manyara. Hapo nilikaribia kukosea tena. Nilikuwa nimekwisha kupanga vyote viwili vimwagwe wiki moja ili niokoe gharama za vibarua. Lakini fosfeti ya mwamba huyeyushwa na ule ule ukali wa udongo ambao chokaa huja kuuondoa. Niliitanguliza fosfeti kwenye mvua za vuli, chokaa ikasubiri.

Mbegu safari hii nilichuma kando ya njia kwa mkono, pamoja na watoto wa jirani, kwa malipo ya mandazi. Tulipata kikombe kimoja cha chai. Kikombe kimoja kwa ekari 8! Guka aliniambia niigawe mara mbili. Nusu nilichanganya na debe la udongo uliochotwa pale pale klova ilipoota, ili bakteria waje na mmea wao, nikaisia mahali nyasi zilipokuwa zimeliwa hadi chini na kukwaruzwa kwa tawi la miiba lililoburutwa na punda. Nusu ya pili niliitia kwenye chumvi ya ng'ombe. Mbegu ya klova ina ganda gumu. Nyingi hupita tumboni zikatoka hai, na kila moja hutua ndani ya mbolea yake. Miezi miwili baadaye ungeweza kusoma ng'ombe walikolala mchana, kwa sababu kila rundo la kinyesi lilikuwa limevaa miche.

Ndiyo klova iliyomuua mtamba wangu mwaka uliofuata.

Huu ulikuwa mstari wa pili, na ulinigharimu kuliko wote. Klova changa ni chakula chenye protini nyingi kinachochacha upesi. Ng'ombe mwenye njaa haitafuni, anaibugia; tumboni gesi inageuka povu, kama la sabuni, na povu haliwezi kutoka kwa mbweu. Tumbo linafura, linayabana mapafu na moyo, ng'ombe anakufa kwa kukosa pumzi. Mafuta huvunja povu. Likishindikana hilo, daktari wa mifugo huingiza bomba lenye ncha kwenye bonde la ubavu wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho. Lakini dawa kubwa inaanza usiku uliotangulia, kwa hei ya kutosha, ili ng'ombe aende malishoni akiwa ameshiba nusu. Na asubuhi lango lisubiri umande ukauke.

Hayo ndiyo niliyoyafanya tangu siku ile. Saa nne kamili, kwa saa ya ukutani, nafungua. Hata hivyo Guka alikuwa ameona kosa lililokuwa nyuma ya kosa. "Hii klova imezidi," alisema akiwa amechuchumaa. Alisema kweli. Katika kuipigania klova nilizibana nyasi mno, ng'ombe wakila hadi udongo, na klova ikawa zaidi ya nusu ya malisho. Inayofaa ni kama theluthi. Ikipungua sana, nyasi zinageuka manjano; ikizidi sana, una ngoma ubavuni.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na nyasi na klova ni fahali wawili. Nyasi za Kikuyu zikiachwa zirefuke zinaunda lile godoro, mwanga haufiki chini, na klova, ambayo inatambaa chini, inakufa gizani. Zikibanwa mno, klova inashika uwanja wote. Hakuna siku utakayoamka ukute wamepatana. Mchungaji ndiye anayewaweka pamoja, kwa kuamua ng'ombe waingie lini na watoke lini.

Kwa hiyo nikagawa malisho vipande 12 kwa waya wa umeme wa sola, na kwa kuwa mimi ni mimi, nikachora jedwali kwenye kompyuta. Siku 2 kila kipande, siku 24 za mzunguko, mwaka mzima. Nililibandika ukutani kwenye banda la kukamulia. Kuanzia Aprili hadi Juni lilifanya kazi vizuri hata nikaanza kuwaonyesha wageni. Januari lilinivunja. Jua lilikuwa kali, usiku jalidi ikatua kwenye mabonde, na nyasi zilizokuwa zikihitaji siku 22 kurudi sasa zilihitaji 50. Jedwali halikujua. Ng'ombe walirudi kwenye kila kipande kabla hakijapona, wakala machipukizi, wakarudi tena, na kila mzunguko kipande kilikuwa dhaifu kuliko mwanzo.

Mfaransa mmoja, André Voisin, mkulima na mwanakemia wa Normandie, aliandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kikatoka 1957. Alikuwa na mazoea ya kuwatazama ng'ombe wake wakila, na hoja yake kuu ni kwamba muda wa kupumzisha nyasi haupaswi kuwa mmoja, lazima ubadilike jinsi kasi ya kuota inavyobadilika. Guka hakumsoma Voisin. Yeye alikunja ngumi, akaishusha nyasini, akaiwekea ngumi ya pili juu yake.

"Ngumi mbili, ingia," alisema. Kisha akalaza vidole vitatu chini. "Vidole vitatu, toka."

Nimepima kwa rula: ngumi zake mbili ni sentimita 17 hivi, vidole vitatu kama 5. Ndiyo vipimo ambavyo vitabu vinavizungukia kwa nyasi za Kikuyu. Chini ya vidole vitatu umekula majani ambayo mmea ulitarajia kuyatumia kujijenga upya, na unalipia kwa siku nyingi zaidi za kusubiri. Juu ya ngumi mbili, vikonyo vinakakamaa, ng'ombe wanachagua, na godoro linaanza. Jedwali nikalibandua. Sasa ubaoni kila kipande kina namba na tarehe ya mwisho kuliwa, ili nijue kilikotoka. Kinakokwenda nakwenda kukiuliza chenyewe kila Jumatatu, kwa miguu, ngumi mkononi.

Kutembea huko kwa kila wiki kumenilipia mistari mingine bila mimi kupanga. Mwiba unaonekana ukiwa mdogo, unaukata kwa jembe kabla haujatoa mbegu. Kinyesi kinasomeka: kikisimama kama chapati kavu, protini haitoshi, kikimwagika kama uji, klova imezidi, leta hei. Ndama nawaweka kwenye vipande vilivyopumzika muda mrefu zaidi, mbele ya ng'ombe wakubwa, kwa sababu wao ndio minyoo inaowaonea. Tangu nilipoacha kuwapa wote dawa za minyoo kwa ratiba, wale wadudu weusi wa kinyesi wamerudi. Rundo lililokuwa likikaa mwezi sasa linafukiwa kwa siku chache. Baadhi ya dawa zile hutoka na kinyesi zikiwa bado zina nguvu, na zinawaua hao wanaonifanyia kazi bure.

Sisemi kwamba nimeikataa dawa. Kupe wapo, na ndigana kali haina huruma. Ndama wangu wote huchanjwa kwa chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, hapa hapa Kenya, na kilimo hai hakikatazi chanjo. Ng'ombe akiugua, anatibiwa. Kumwacha ateseke ili cheti changu cha kilimo hai kibaki safi ni ukatili tu. Maziwa yake hayaingii mkebeni kwa muda mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye chupa, nami naandika hasara.

Kuna mstari mmoja ambao mpaka leo sijaufunga. Kwenye nyanda zetu kuna ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana popote duniani isipokuwa Kenya, naye yumo hatarini. Anataka nyasi za asili zinazoota mafungu mafungu. Ndani ya fungu ndimo anamotaga. Malisho yangu mazuri, yenye klova na ngumi mbili, kwake ni jangwa. Nilikuwa nikijisifu kwamba shamba hai linafuga viumbe vyote, hadi nilipoona kwamba kila ekari niliyoiboresha nilimpokonya yeye. Nimemwachia ekari moja ya bondeni yenye maji, mafungu hayajaguswa, ng'ombe huingia mara chache tu. Miaka mingine namwona. Ekari moja kati ya tisa si fidia, nami sijaiandika kuwa fidia.

Watu huniuliza kuhusu hela. Maziwa yangu yanamwagwa kwenye tangi moja na ya wengine wote, na bei ni moja. Hakuna anayenilipa shilingi ya ziada kwa sababu ya klova. Faida yangu yote iko kwenye yale nisiyoyanunua, na kwenye ng'ombe wanaokaa zizini miaka mingi. Nyota alizaa ndama 9. Kwa lita, jirani anayelisha nepia na chakula cha gunia kwenye banda ananishinda mbali. Kwa kinachobaki mfukoni mwisho wa mwaka, tunakaribiana, na mwaka ambao bei ya mbolea inapanda mimi ndiye ninayelala.

Mvua za masika za 2022 zilikuwa haba. Niliuza ng'ombe wawili Aprili, mapema, wakati bado wana nyama na bei, kwa sababu ngumi yangu ilikuwa imeshaniambia. Klova ilinyauka, ikatoweka kabisa. Agosti usingepata jani. Nilianza kuhesabu gharama ya kupanda upya. Guka alikuwa ameshapungua nguvu, anatembea kwa fimbo, lakini alikuja hadi kwenye waya.

"Chimba," alisema, kama miaka 9 iliyopita.

Chini ya vumbi kulikuwa na mzizi mnene kama penseli, umeshuka kwenda mahali jembe halikufika. Niliukwaruza. Ndani ulikuwa mweupe na wenye unyevu. Sikupanda kitu. Mvua ziliporudi, klova ilirudi yenyewe, na safari hii nilikuwa na akili ya kuwapa ng'ombe hei kwanza.

Guka alifariki mwaka uliofuata. Mwaka huo huo, mjukuu wake, kijana aliyemaliza chuo, aliniomba nimfundishe. Anataka kuligeuza shamba la babu yake liwe hai. Alikuja Julai na daftari. Nilimpa tarakimu zote nilizo nazo, kilo za chokaa, ngumi, vidole, theluthi moja. Aliandika kila kitu kwa mwandiko mzuri. Siku ya pili alikuja asubuhi kutazama ng'ombe wakifunguliwa. Walikuwa wameshakula hei yao, wamesimama langoni wanalalamika. Ukungu ulikuwa umeishika milima, jua halijulikani liliko. Kijana alitoa simu, akaitazama.

"Saa nne na dakika tano, mama," alisema, kwa upole wa mtu anayemkumbusha mkubwa.

Nilipita chini ya waya, nikainama, nikaubandika mgongo wa mkono juu ya klova. Niliuinua. Ulikuwa unadondosha maji.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kwa miaka 8 ya kufungua kwa saa ya ukutani sikuwahi kuliwaza, kwamba Guka hakuwa na saa. Hakuwa nayo mkononi, wala ukutani kwake. Asubuhi ya Mei isiyo na ukungu, saa nne majani yamekauka. Aliitaja saa kwa sababu alikuwa akizungumza na mtu wa ofisini aliyetoka kufiwa na mtamba, akampa kitu ambacho angeweza kukishika.

Nilimwita kijana naye apite chini ya waya, aweke mkono wake.

"Bado," alisema.

Tukarudi kuwaongezea hei.